Tathmini ya athari katika masomo ya kufidia: maana yake

Watoto ishirini wa darasa la nne hawawezi kusoma aya fupi. Wanapewa tuisheni miezi mitatu, wanapimwa tena, na kumi na mmoja sasa wanasoma. Je, tuisheni imefaulu?

Ripoti nyingi za miradi hujibu ndiyo na kuishia hapo. Lakini katika miezi hiyo watoto walikuwa pia wakihudhuria vipindi vya kawaida. Tena, ukiwachagua wa mkiani peke yao, baadhi yao watapanda hata usipowafundisha neno: yule aliyefanya mtihani wa kwanza akiwa na homa, na yule aliyebahatisha vibaya.

Tathmini ya athari, basi, ni kupima tofauti kati ya walipofika watoto na pale ambapo wangefika bila msaada. Hapo pa pili hapaonekani, kwa kuwa mtoto mmoja hawezi kufundishwa na kutofundishwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huhitajika kundi linganishi, yaani watoto wanaofanana nao ambao hawakupata msaada huo. Njia safi kabisa ya kulipata ni kura ya bahati nasibu inayoamua nani apate msaada na nani asubiri. Ukiacha shule zijitolee zenyewe, watakaojitokeza ni walimu wakuu wenye bidii, na bidii yao itahesabiwa kuwa matunda ya mradi.

Kuna wanaoona ni ukatili kuwanyima wengine msaada kwa ajili ya utafiti. Lakini si lazima mtu anyimwe. Nchini India, shirika la elimu la Pratham lilipoweka wasichana wanaoishi jirani na shule kufundisha wanafunzi waliobaki nyuma katika miji ya Mumbai na Vadodara, kuanzia 2001, kila shule ilipata mwalimu msaidizi. Kura iliamua tu kama angeanza na darasa la tatu au la nne, na darasa lililosubiri shule moja likalinganishwa na lililofundishwa shule nyingine. Alama zilipanda. Wenzao ambao hawakutolewa kwenda kwa msaidizi, waliobaki na mwalimu wao katika darasa lililopungua msongamano, hawakufaidika kwa namna ya kuonekana, jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Na mwaka mmoja baada ya mradi kwisha, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeyeyuka.

Mafunzo ya walimu ni magumu zaidi kuyapima, kwa sababu mnyororo ni mrefu: mwalimu aelewe, arudi shuleni, abadili anavyofundisha, kisha mtoto ajifunze. Fomu ya maoni inayojazwa siku ya mwisho ya semina hupima pete ya kwanza tu (na pengine chakula cha mchana).

Jimbo la Bihar, hukohuko India, lilionyesha hilo vizuri. Mwaka 2008, walimu wa serikali waliendesha kambi ya mwezi mmoja wakati wa likizo kwa watoto waliobaki nyuma, na watoto wakapiga hatua. Shule zilipofunguliwa, mafunzo na vitabu peke yake havikuleta mabadiliko. Walimu ni walewale, ila sasa muhtasari wa masomo ulikuwa unawakimbiza. Kama wapimaji wangeangalia matokeo ya muhula peke yake, wangesema walimu hawawezi, na wangekosea.

Dawa ilijaribiwa Haryana, jimbo jingine la India, mwaka 2012 hadi 2013. Ilitengwa saa moja kila siku, watoto wakapangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, na wasimamizi wa shule wakafundisha kwanza wao wenyewe kwa siku 15 hadi 20 kabla ya kwenda kuwaelekeza walimu. Kusoma kulipanda, hesabu ikabaki palepale.

Shule ndogo isiyo na watafiti bado inaweza kuazima sehemu ya mbinu hii. Kama nafasi za tuisheni hazitoshi, zipigiwe kura, na wanaosubiri wapimwe siku ileile na wenzao. Anayepima asiwe yule aliyewafundisha. Aliyeacha kuja katikati naye atafutwe apimwe, maana mara nyingi wanaoacha ndio waliokuwa wakishindwa, na wakiondolewa kwenye orodha wastani hupanda wenyewe.