Je, wajua? Ua lililoongezewa rangi likatoka jeupe

Mwaka 1990 Carolyn Napoli, Richard Jorgensen na mwenzao walieleza kisa cha petunia, ua la zambarau. Walikuwa wameupachika mmea nakala ya ziada ya jeni ya rangi, wakitaraji ua likolee. Baadhi ya maua yakatoka meupe pe.

Niliposoma kisa hiki mara ya kwanza sikusita: jeni mpya imeivunja ya asili. Nikawa naeleza watu hivyo, kifua mbele. Wapi! Jeni zote zilikuwa nzima, na matawi mengine yalikuja kurudisha zambarau, jambo lisilotarajiwa kwa jeni iliyovunjika. Kosa langu lilikuwa na mzizi: niliidhani RNA ni tarishi tu, wa kutoa maelekezo ya protini kwenye DNA, zilimoandikwa jeni, na kuyafikisha. Kumbe ipo RNA isiyo na maelekezo yoyote ya protini, ambayo kazi yake ni kumziba tarishi mdomo.

Humpataje tarishi huyo? Mfikirie mtoto aliyetumwa Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso Mombasa, na kipande cha leso: "Tafuta kama hii." Hasomi jina la leso, analinganisha mapambo, duka hadi duka. Mmea nao ukiona RNA ya nyuzi mbili zilizoshikana hushuku virusi, maana vingi hupitia umbo hilo vikijizalisha. Huikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24. Kipande hukabidhiwa protini iitwayo Agonauti, nayo hukitembeza kwa matarishi. Anayelingana nacho hukatwa; tarishi wa kijani cha majani hupita salama. (Jina hilo ni la pweza: mmea uliokosa protini hii ulikuwa na majani membamba kama minyiri.)

Mfano wangu unapwaya kidogo. Leso hufanana, ila RNA hukamilishana, kama kifungo na tundu lake. Na kwa nini petunia mmoja alipauka na nduguye akabaki na rangi? Sababu si moja. Katika baadhi, jeni ziliingia zikitazamana, RNA yake ikajikunja ikawa ya nyuzi mbili.

Hapa Pwani hila hiyo imejaribiwa Mtwapa dhidi ya virusi vya michirizi ya kahawia: muhogo hupewa mapema kipande cha jeni ya virusi. Nilimweleza hayo muuza mihogo wa Mama Ngina. Akauliza kama utaiva.