Je, wajua kwa nini rojo la kobla humiminwa chini lakini huivia juu?

Kobla ni kitindamlo cha Wamarekani: matunda na unga vinavyookwa pamoja kwenye bakuli moja pana na kupakuliwa kwa kijiko. Kusini mwa nchi hiyo tunda linalopendwa zaidi ni pichesi, hasa Georgia, ambayo hujiita Jimbo la Pichesi ingawa California huvuna mengi kuliko wao.

Zipo namna mbili za kuipika. Ya kwanza matunda hukaa chini, na juu yake hupangwa mabonge ya unga uliokandwa. Hiyo haina fumbo. Ya pili ndiyo inayoshangaza: siagi iliyoyeyushwa hutangulia, rojo la unga humiminwa juu yake, kisha matunda hutandazwa juu kabisa. Mpishi huonywa asikoroge hata kidogo. Chombo huingia oveni, na baada ya dakika 50 hivi matunda yamezama na unga umepanda juu, umekuwa rangi ya kahawia. Nani kavipindua?

Kazi hiyo ni ya beking pauda. Ndani yake mna magadi soda na asidi ya ungaunga, vyote vikavu. Vikilowa hutoa hewa ya ukaa. Beking pauda nyingi za dukani hufanya kazi mara mbili: viputo vya kwanza hutoka unapotia maziwa, na vingine vingi zaidi hutoka rojo linapopata moto. Rojo likijaa viputo huwa jepesi kuliko vipande vya tunda, ambavyo sehemu kubwa ni maji. Kizito hushuka, chepesi hupenya katikati ya vipande na kupanda. Ukichungulia kwenye kioo cha oveni utaona unga ukianza kuumuka pembeni, kwa sababu kingo za chombo hupata moto mapema, kisha polepole unafunga kuelekea katikati. Siagi nayo, kwa kuwa ni nyepesi kuliko rojo, hupanda kandokando na kukaanga ukingo mpaka ukawa mkavu wenye kuvunjika mdomoni. Kwangu mimi, ukingo huo ndio kobla yenyewe.

Ndiyo maana hukorogi. Ukikoroga, siagi inapotelea ndani ya unga, viputo vya mwanzo vinatoka bure, na unapata keki nzito yenye vipande vya matunda. Hamira pia haifai hapa: inataka muda wa kuumua, na rojo hili haliwezi kusubiri.

Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka: kikombe cha unga wa ngano, kikombe cha sukari, kikombe cha maziwa, vijiko viwili vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo. Chini weka nusu kikombe cha siagi, juu vikombe vitatu vya matunda, na moto wa nyuzijoto 180. Ukizidisha matunda, unga haupati njia ya kupita na unabaki mbichi chini. Moto ukiwa hafifu, viputo hupasuka kabla unga haujashikana, na hapo juu hapafungi. Beking pauda ya zamani ijaribu kwanza: tia kijiko kimoja kwenye maji ya moto, na isipochemka povu, itupe.

Unga huo wa ajabu, yaani beking pauda, si wa kale sana. Mwingereza Alfred Bird aliutengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe alidhurika na hamira, na mwaka 1856 Mmarekani Eben Horsford, mkemia wa Harvard, akapata hataza ya asidi iliyoufanya uwe bora zaidi.

Wamarekani wa zamani hawakuhitaji oveni. Wasafiri waliohamia magharibi walipika kobla kwenye chungu kizito cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Anayejua kupalia mkate wa kumimina kule pwani hahitaji kufundishwa hapo. Makaa yawe mengi juu kuliko chini, la sivyo siagi itaungua kabla unga haujapanda. Na kama pichesi za Lushoto hazijafika sokoni, embe lililoiva lakini bado gumu kidogo hufanya kazi ileile. Tikiti maji usijaribu, lina maji kupita kiasi.

Ikitoka motoni iache dakika 20 kabla ya kupakua. Maji ya matunda hutoka yakiwa mepesi kama chai, kisha huwa mazito kadiri yanavyopoa. Ipakue ikiwa bado vuguvugu, na kama kuna aiskrimu ya vanila, weka juu.