Kompyuta Imesoma Kifua Chako, Nani Amekuuliza Habari Zako?

Mgonjwa anavua shati, anabana pumzi, picha ya kifua inapigwa. Punde skrini inaonyesha doa jekundu juu ya pafu la kulia, na pembeni namba: 71. Namba hiyo haikutolewa na daktari. Ni programu ya akili unde (wengine huiita akili mnemba) inayotafuta dalili za kifua kikuu kwenye eksirei. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za aina hii mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Mimi siipingi. Pasipo na mtaalamu wa kusoma picha, inaokoa muda na maisha.

Ila 71 hiyo haimaanishi una TB kwa asilimia 71. Ni alama tu ya jinsi picha yako inavyofanana na zile za wagonjwa wa TB ambazo programu ilifundishiwa. Mtu aliyewahi kuugua TB akapona anaweza kubaki na makovu mapafuni, na makovu hayo huipandisha namba. Muuguzi hulitegua fumbo hilo huku akijaza kadi: "Baba, ulishawahi kumeza dawa za TB?" Kisha makohozi hupelekwa maabara, maana ndiyo yenye kuthibitisha.

Halafu kuna kiwango cha kukatia. Nani apimwe makohozi, wa 50 au wa 60? Ukikishusha, gharama za maabara zinapanda. Ukikipandisha, kuna mgonjwa atakayerudishwa nyumbani akikohoa. Hapo anaamua binadamu, na mara nyingi mgonjwa hata hamjui.

Mfano mwingine unatoka Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulichunguza programu iliyokuwa ikichagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilipaswa kupima uhitaji; kumbe ilikuwa ikikadiria gharama za matibabu. Fedha zilizotumika kuwatibu watu Weusi zilikuwa kidogo kwa sababu huduma haikuwafikia sawasawa, basi programu ikawahesabu kuwa wana nafuu. Watafiti walikokotoa kwamba upendeleo huo ukiondolewa, Weusi miongoni mwa wanaopata uangalizi wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Programu haikuambiwa rangi ya mtu wala haikumchukia yeyote. Ilifuata risiti.

Kwa hiyo ukiambiwa "mfumo umekataa", iwe hospitali, bima au mkopo wa simu, usiondoke kimyakimya. Uliza mfumo umepima nini hasa, na nani ameuangalia uamuzi huo. Nchini Kenya swali hilo lina meno: kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakuruhusu, pale uamuzi mzito juu yako umefanywa na mashine peke yake, kuomba ufikiriwe upya. Ombi liandike, na ubaki na nakala.