Faida Iliyokatwa Ikiwa Pau

Mikoko yetu huku Lamu ina majina kwa unene wake. Mwembamba ni fito, ukinenepa huwa pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Mkataji anayekata pau zote leo atauza sana mwaka huu. Boriti atazitafuta baadaye asizione.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kila nikifungua vitabu vya kampuni huwa najiuliza faida iliyoandikwa pale ni ya boriti iliyokomaa au kuna pau zilizokatwa.

Kampuni moja ya samaki niliyoikagua ilionyesha faida nono kuliko ya mwaka uliotangulia, ilhali mauzo yalikuwa yaleyale. Kilichopungua ni gharama za matengenezo: mtambo wa barafu haukuguswa mwaka mzima. Wizi haukuwepo. Kila risiti ilikuwa mahali pake, nami nikatia sahihi kwa kuwa hesabu zilikuwa za kweli. Meneja, ambaye mkataba wake ulipima faida ya mwaka mmoja tu, akachukua bonasi yake akahamia Mombasa. Kaskazi ilipoingia, bahari imetulia na samaki ni tele, mtambo ukafa. Mashua zilifika zimejaa, barafu hakuna. Wavuvi wakawauzia wachuuzi kwa bei ya kutupa, na msimu uliofuata wengi wakampelekea samaki mnunuzi mwingine. Imani ya mvuvi haina mstari kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kwa hiyo hasara ile haikuonekana popote nilipoweza kuikagua. Jambo hilo bado linaniuma.

Watu husema tatizo ni tamaa. Sikubali. Meneja yule alifanya hasa kile alicholipwa kufanya, na waliomwandikia mkataba ni bodi.

Sheria yenyewe ipo. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 kinamtaka mkurugenzi azingatie matokeo ya muda mrefu ya uamuzi wake, masilahi ya wafanyakazi, uhusiano na wauzaji na wateja, athari kwa jamii na mazingira, na sifa ya kampuni. Ni wajibu, si ombi. Shida ni kwamba wajibu huo hauna tarakimu, na bonasi inayo.

Kushirikisha jamii nako huhesabiwa kama gharama na ucheleweshaji. Gharama ya kuiruka tumeiona Kwasasi, hapa Lamu: Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa bodi zinazoniita nina maombi mawili. Bonasi ya meneja igawanywe, sehemu kubwa ilipwe mwaka wa tatu, na ipunguzwe ikiwa faida ya mwanzo ilitokana na kazi iliyoahirishwa. Tena, taarifa ya faida iambatane na orodha ya matengenezo yote yaliyosogezwa mbele, yenye makadirio ya gharama na jina la aliyeidhinisha. Orodha hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana mkurugenzi akishaiona hawezi tena kusema hakujua.

Kampuni ile ya samaki imekubali orodha. Suala la bonasi wamelisogeza hadi mkutano ujao. Mtambo mpya umeshafungwa, na manahodha wachache wameanza kurudi, kila mmoja na kreti mbili tatu za kujaribia.