Si Kila Joto ni Yang Iliyozidi

Wagonjwa wengi huketi mbele yangu na kutangaza, hata kabla sijawashika mkono kupima mapigo, kwamba yang yao, yaani nguvu ya joto mwilini katika tiba ya jadi ya Kichina ninayoifanya, imezidi kwa sababu wanahisi joto, na kwamba wanachohitaji ni kupozwa. Dhana hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa huiuliza mwenyewe mapema ili tuimalize kabla ya kuanza kazi. Inaonekana kuwa na mantiki: yang ni moto, yin, mwenzake, ni baridi na umajimaji, basi mwenye joto ana moto mwingi. Lakini mwili una njia mbili za kuchemka, na tiba inayofaa ya kwanza humdhuru mwenye ya pili.

Joto la yang iliyozidi halijifichi. Mgonjwa ana uso mwekundu wote, kiu ya maji mengi ya baridi, choo kigumu, mkojo mchache wa rangi nzito, ulimi mwekundu wenye utando mnene wa manjano, na mapigo ya kasi yanayogonga vidole kwa nguvu. Joto la upungufu wa yin ni jingine kabisa. Huanza alasiri na kuzidi usiku, hukaa katika viganja, nyayo na kifua, huleta jasho usingizini linalokoma mtu anapoamka, na humkausha koo mgonjwa ambaye hata hivyo anataka mafunda machache tu ya maji. Ulimi wake ni mwekundu lakini hauna utando, pengine una nyufa, na mapigo yake, ijapokuwa ni ya kasi, ni membamba kama uzi. Yang ya mtu huyu haijaongezeka hata chembe. Kilichopungua ni yin iliyopaswa kuizuia, kama sufuria yenye maji kidogo inavyochemka upesi juu ya moto uleule.

Sasa mtu wa namna hii akijitafutia dawa chungu za kupoza, ambazo kwa kweli huondoa joto la ziada, hudhoofisha wengu na tumbo, huanza kuharisha, hupoteza hata ule umajimaji mchache uliobaki, na baada ya muda joto humrudia likiwa kali zaidi. Ndipo huja kwangu akilalamika kwamba dawa hazina nguvu. Haya si mambo mapya. Zhu Danxi, tabibu wa China aliyeishi kati ya 1281 na 1358, alishikilia kwamba katika mwili wa binadamu yang huelekea kuzidi na yin huelekea kupungua, na akajenga mkondo mzima wa tiba juu ya kuilisha yin. Kabla yake, katika kitabu cha tiba ya watoto kilichokamilishwa mwaka 1119, Qian Yi alikuwa amechukua dawa ya kale ya mimea minane, akaondoa miwili inayotia joto, mdalasini na mmea uitwao akoniti, na kuacha sita inayoongozwa na remania iliyopikwa, mzizi unaolisha yin, kwa kuwa aliona watoto hawana haja ya kuongezewa yang. Mwenye upungufu wa yin hulishwa, hazimwi.

Niongeze jambo ambalo baadhi ya wenzangu hulipuuza: jasho la usiku linaloambatana na kikohozi kisichokoma na kupungua uzito lipelekwe hospitalini kwanza, kwa sababu laweza kuwa kifua kikuu, na joto lenye moyo kwenda mbio laweza kutoka katika tezi dundumio. Yin na yang ni namna ya kupanga na kusoma dalili, si vitu vinavyopimwa maabara. Anayekuuzia mashine inayotoa asilimia za yin na yang zako anakuuzia karatasi, na anayekushauri uache dawa za presha kwa kuwa ameshakusawazisha anakuhatarisha.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Yin si uovu wala udhaifu, na wanaume wanaihitaji sawa na wanawake; kila mwili unazo zote mbili na hakuna inayosimama bila mwenzake. Uwiano si nusu kwa nusu, maana yang hupanda kuelekea adhuhuri na yin kuelekea usiku wa manane, na mwili mzima hufuata mzunguko huo, ndiyo sababu nasisitiza kulala mapema kuliko ninavyosisitiza dawa yoyote. Moksa, yaani kuchoma pakanga kavu karibu na ngozi, haimfai kila aliyechoka, kwani mwenye upungufu wa yin akichomewa hovyo hukosa usingizi. Wala kipindi kimoja cha tiba ya kudungwa sindano nyembamba (akupancha) hakirejeshi yin iliyoliwa na miaka ya kukesha.

Mwisho, kwa atakayekuja kutibiwa: asubuhi hiyo usiusugue ulimi kwa mswaki na usinywe kahawa. Kahawa hutia utando rangi isiyo yake, na ulimi uliosuguliwa hufanana mno na ule uliopoteza utando kwa upungufu wa yin, kiasi kwamba nitalazimika kukuomba urudi siku nyingine.