Uchanganuzi nafsi: kutoka kochi la Freud hadi tiba ya saikodinamiki

Wengi wetu hukutana na jina la Sigmund Freud katika somo la fasihi, pale mhusika anapochambuliwa kwa nadharia ya saikolojia changanuzi, yaani uchanganuzi nafsi wa daktari huyo. Tunakariri idi (tamaa za asili), ego (nafsi inayopima na kuamua) na supaego (sauti ya maadili ndani yetu), tunafanya mtihani, basi. Kinachosahaulika ni kwamba nadharia hiyo ilizaliwa chumba cha matibabu: mmoja anaumwa na anasema, mwingine anasikiliza. Tiba hiyo bado ipo. Imepunguza siku na miaka, imeacha kochi, na siku hizi inaitwa tiba ya saikodinamiki.

Msingi wake ni huu. Mengi yanayotusukuma hatuyatambui; yamekaa katika ung'amuzi bwete. Yako huko kwa sababu yanauma, yanaaibisha au yanatisha. Lakini hayatulii: hurudi kama dalili za mwili, kama ndoto, na zaidi kama mtindo uleule wa kuishi na watu, mtu akijikuta katika ugomvi ule ule na kila bosi au katika ndoa ya pili iliyofanana na ya kwanza.

Mwanzo ulikuwa Vienna. Kati ya 1880 na 1882 daktari Josef Breuer alimtibu Bertha Pappenheim, ambaye vitabuni amefichwa kwa jina la Anna O. Alikuwa na kikohozi, viungo vilivyopooza, na kuna wakati Kijerumani, lugha yake mwenyewe, kilimpotea akabaki anazungumza Kiingereza. Breuer aliona kwamba akisimulia jinsi dalili ilivyoanza, dalili ile hulegea. Ni Bertha mwenyewe aliyeiita kazi hiyo tiba ya kuzungumza. Breuer na Freud walichapisha habari zake mwaka 1895, na humo anaonekana amepona. Kweli ni kwamba baada ya Breuer alilazwa tena, na ilichukua miaka kabla hajasimama imara na kuwa kiongozi mkubwa wa huduma za jamii. Inafaa kulisema hili wazi, maana tangu siku ya kwanza tiba hii imekuwa na tabia ya kutangaza ushindi mapema.

Freud alianza kwa kuwalaza wagonjwa usingizi wa kiini macho (hipnosisi), kisha akaacha. Badala yake aliweka sharti moja: sema kila kinachokujia akilini, hata kama ni cha kipuuzi, cha aibu, au kinanihusu mimi. Mgonjwa alilala kwenye kochi, Freud akakaa nyuma ya kichwa chake. Mwaka 1913 aliandika kuwa alijipanga hivyo kwa kiasi fulani kwa sababu hakuweza kuvumilia kukodolewa macho saa nane au zaidi kwa siku. Wagonjwa walikuja kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, saa nzima kila mara, na wenye hali nyepesi siku tatu kwa wiki.

Somo kubwa kuliko yote alilipata kwa kushindwa. Mwaka 1900 alianza kumtibu msichana aliyemwita Dora. Freud alifasiri ndoto zake kwa bidii, tafsiri juu ya tafsiri, na baada ya wiki kama 11 Dora akaacha tiba. Alipochapisha habari hiyo mwaka 1905, Freud alikiri kwamba hakuona kwa wakati jinsi Dora alivyokuwa akimtendea yeye kama mwanamume mwingine aliyemwumiza. Jambo hilo huitwa uhamisho: hisia na matarajio yaliyojengwa kwa mzazi au mtu mwingine wa zamani yanahamia kwa mtaalamu aliye mbele yako. Kabla ya hapo ulionekana kizuizi. Baadaye ukawa chombo kikuu cha kazi. Kwa maoni yetu, ukielewa uhamisho umeelewa nusu ya tiba hii, na hadithi za idi na supaego zinaweza kusubiri.

Kwa nini basi tiba ilibadilika? Kwanza ni muda na fedha. Vikao vinne au vitano kwa wiki kwa miaka kadhaa ni vya wachache. Wafuasi wa Freud, Sándor Ferenczi na Otto Rank, walijaribu kuifupisha tangu miaka ya 1920, na Franz Alexander na Thomas French wa Chicago wakaeleza mwaka 1946 jinsi ya kupunguza vikao bila kupoteza kiini. Pili ni hoja za wapinzani: mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck alidai hakuna ushahidi kwamba tiba hizi zinamsaidia mgonjwa kuliko kupona kwenyewe kadiri muda unavyopita. Hesabu zake zilipingwa sana, lakini swali lake lilikuwa halali, na liliwalazimisha watu kupima. Tatu, nadharia yenyewe ilihama kutoka tamaa za mwilini kwenda uhusiano wa mtoto na mlezi, hasa London kwa Melanie Klein, Donald Winnicott na John Bowlby.

Hapo Afrika Mashariki inaingia kwa haki yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, alifika Uganda, akafuatilia familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alizitembelea nyumbani mara kwa mara, kwa miezi kadhaa, akitazama mtoto anavyomtumia mama kama ngome: anatambaa kwenda kuchunguza, anageuka kumtazama, anarudi akiogopa. Kitabu chake kilitoka 1967. Majaribio yake maarufu ya Baltimore, Marekani, kuhusu mtoto na mlezi yalikuja baadaye. Macho yake yalikwisha kufunguka Uganda. Mtaalamu wa leo anayeuliza "ulipolia utotoni, nani alikuja?" anafuata njia hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Mteja na mtaalamu wanakaa kwenye viti, uso kwa uso, mara moja kwa wiki, dakika 45 hadi 50, siku na saa ile ile. Tiba fupi huwa na vikao kama 16 hadi 30. Ile ndefu inapita mwaka. Hakuna kazi za kufanyia nyumbani, na mteja ndiye anayefungua mazungumzo. Vikao viwili vitatu vya mwanzo ni vya kuchagua kiini, yaani tatizo moja litakaloshikwa hadi mwisho.

Ramani inayotumika sana ni pembetatu mbili alizoziunganisha David Malan wa kliniki ya Tavistock, London. Ya kwanza ina hisia iliyofichwa, hofu inayoletwa na hisia hiyo, na kinga inayozuia isionekane. Chukua mfano wa kubuni: mtu anayekubali kila anachoagizwa kazini, anatabasamu, kisha jioni kichwa kinampasuka. Kukubali na kutabasamu ni kinga. Kichwa kinachouma ni hofu iliyoingia mwilini. Chini yake kuna hasira. Pembetatu ya pili inauliza hasira hiyo ni ya nani: bosi wa sasa, baba wa zamani, au mtaalamu aliyekaa hapo? Siku mteja anaposema, "Sawa, daktari, wewe ndiye unayejua," huku ameuma meno, pembe zote tatu zimekutana, na hapo ndipo pa kusimama.

Utaratibu ni kuanza na kinga, kisha hofu, hisia mwishoni. Anayeruka hatua huharibu. Kumwambia mteja kikao cha pili kuwa anamchukia baba yake, hata kama ni kweli, kunamfanya akane au asirudi. Na kwa aliyelelewa kuogopa kukosa radhi za wazazi, maneno hayo yanasikika kama laana. Kosa jingine ni mtaalamu kutotazama hisia zake mwenyewe. Akijikuta anachoshwa au anataka kumwokoa mteja mmoja kuliko wengine, hiyo ni habari kuhusu kinachoendelea chumbani, na anapaswa kuipeleka kwa msimamizi wake. Kunyamaza kupita kiasi nako ni kosa. Mteja aliyetelekezwa utotoni anausikia ukimya huo kama kutelekezwa tena.

Si kila mtu anafaa kuanza hapa. Anayesikia sauti zisizokuwepo, anayelewa pombe kila siku, au aliye katika hatari ya kujiua leo anahitaji kwanza usalama, daktari na pengine dawa.

Mwisho wa tiba hupangwa mapema. James Mann, mtaalamu wa tiba fupi, aliweka vikao 12 kamili, tarehe ya mwisho ikijulikana tangu mwanzo, kwa sababu kuagana huamsha kila msiba wa zamani. Dalili zilizopungua zinaweza kurudi katika vikao vya mwisho, na wengi hutamani kukosa kikao cha kuagana kwa kisingizio cha safari au kazi. Mtaalamu makini hulitaja hilo wiki kadhaa kabla, ili kikao hicho nacho kihudhuriwe.