Kutathmini chanzo si kukagua ukurasa

Kila mwongozo wa kuwafundisha wanafunzi kutafuta taarifa mtandaoni una kifungu kinachosema "tathmini chanzo", na chini yake orodha ya kuweka alama za vyema. Tarehe ipo? Jina la mwandishi lipo? Lugha ni sanifu? Anwani inaishia na .org? Mwanafunzi anapiga vyema vyake, anahesabu, anaandika "chanzo hiki ni cha kuaminika". Chanzo chenyewe hajakigusa bado. Alichokikagua ni ukurasa.

Kutathmini chanzo ni kutafuta kujua nani yuko nyuma ya taarifa, analijua jambo hilo kiasi gani, atanufaika vipi ukimwamini, na wengine wanaolijua wanamsemaje. Basi, maana yake ndiyo hiyo. Ukitaka kujua tabia ya mtu humwulizi yeye mwenyewe, unawauliza majirani zake. Ila tukifika mtandaoni tunamketisha mtoto mbele ya ukurasa wa "Kuhusu sisi" na kumwambia aamue.

Orodha maarufu kuliko zote ilitungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa California State University, Chico. Ina vigezo vitano: upya wa taarifa, uhusiano wake na swali lako, mamlaka ya mwandishi, usahihi na kusudi. Sina ugomvi na vigezo hivyo. Ugomvi wangu ni na namna vinavyotumika darasani, maana majibu ya vyote vitano mwanafunzi huyatafuta palepale kwenye ukurasa anaoutilia shaka, na mwenye ukurasa anajua vizuri tu ni majibu gani yanayotakiwa. Tarehe inaweza kubadilishwa asubuhi hii. Lugha safi inalipiwa. Marejeo hamsini mwishoni mwa makala hayathibitishi kitu mpaka mtu afungue angalau mawili.

Hiyo .org ndiyo inayoniudhi kupita yote. Ilianzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya mashirika yasiyoingia kwenye mafungu mengine, lakini leo yeyote mwenye pesa ya usajili anaipata bila kuulizwa swali. Anwani ya martinlutherking.org ilimilikiwa kwa miaka mingi na Stormfront, kundi la wabaguzi wa rangi wa Marekani, ambao walipanga kurasa zao zionekane kama somo la historia kwa wanafunzi. Na kufuli dogo kwenye kivinjari? Linasema kwamba mawasiliano yako na tovuti yamefichwa kwa wapitao njiani. Tapeli naye anaweza kuwa nalo.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford walitoa utafiti uliowaangalia watu 45 wakitumia intaneti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa taarifa 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Walionyeshwa, miongoni mwa mambo mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa kilichoanzishwa 1930. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa kupinga msimamo wa chama hicho wa kuunga mkono wenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Zote mbili ni .org, zote zina nembo nzuri na majina yanayokaribiana. Wanafunzi wengi waliona ile ya kikundi kidogo ndiyo ya kuaminika zaidi, na baadhi ya wanahistoria nao walisitasita. Wahakiki hawakubabaika, na si kwamba walisoma kwa makini kuliko wenzao. Waliuacha ukurasa mapema, wakafungua madirisha mapya, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu vikundi hivyo. Watafiti hao huuita mtindo huu kusoma kando, kinyume cha kushuka na ukurasa mmoja kutoka juu hadi chini.

Kwa hiyo "soma kwa makini" si ushauri salama kama unavyosikika. Kusoma kwa makini andiko la mtu usiyemjua ni kumpa muda wako kabla hajaustahili. Wala tusivuke upande wa pili tukawafundisha watoto kushuku kila kitu, kwani anayeshuku vyote hana tofauti na anayeamini vyote: wote wawili hawajachagua.

Mwalimu mwenye orodha yake asiichane. Aongeze swali moja juu kabisa, lijibiwe kabla ya mengine: watu wengine wanasema nini kuhusu hawa? Amruhusu mwanafunzi aanzie Wikipedia, ambako wahakiki nao huanzia mara nyingi, kisha ayafuate marejeo yaliyo chini. Na mwanafunzi akiandika "chanzo: Google", ambayo ni njia tu ya kukifikia chanzo, asimkate alama hapohapo. Amwulize kwanza alibofya nini baada ya hapo.